Usimwite Mlevi Kabla ya Kumwuliza

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni. Masomo: 1 Samweli 1:9–18 na Ayubu 31:13–15)

Najua kwamba saa hii wengine wenu mmo njiani kwenda kazini, wengine mnakunywa chai kwa haraka, na wengine mmetoka zamu ya usiku na mnatafuta usingizi. Asubuhi hii nataka kusema na watu wa kazi, hasa wale waliowekwa juu ya wenzao. Labda wewe ni meneja wa ofisi yenye watu mia. Labda ni mwalimu mkuu, au muuguzi msimamizi wa wodi, au nyapara wa shambani, au mama mwenye msichana mmoja wa kumsaidia kazi za nyumbani. Kama yuko mtu hata mmoja ambaye wewe humwambia, "Fanya hivi," naye hufanya, basi neno la leo ni lako.

Kama Biblia yako iko karibu, fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa kwanza. Kama haiko karibu, sikiliza tu, nami nitakusimulia.

Palikuwa na mtu jina lake Elkana. Kila mwaka alipanda kwenda Shilo pamoja na jamaa yake ili kumwabudu Bwana. Mkewe Hana hakuwa na mtoto, na mke mwenziwe, Penina, alimchokoza sana kwa sababu hiyo. Mwaka mmoja, walipokwisha kula, Hana aliinuka akaenda kuomba. Alilia kwa uchungu. Aliomba ndani ya moyo wake. Midomo yake ilitikisika, lakini sauti yake haikusikika. Na Eli kuhani alikuwa ameketi kitini pake penye mwimo wa mlango, akimtazama. Akaiona midomo ile. Akasema moyoni, mwanamke huyu amelewa. Akamkemea, akamwambia auache ulevi wake.

Ndugu msikilizaji, angalia jambo moja. Eli hakusema uongo juu ya kile alichokiona. Midomo ilitikisika kweli, na sauti haikusikika kweli. Macho yake hayakukosa. Kosa lake lilikuwa kwamba aliruka hatua moja. Kati ya kuona na kuhukumu kuna kuuliza, na Eli hakuuliza. Kama angalisema tu, "Mama, una nini?" angalijua mara moja kwamba aliyesimama mbele yake hakuwa mlevi bali mwombaji.

Nimeanza na Eli kwa sababu mimi nami nimeketi katika kiti kile. Niruhusuni niungame mbele yenu.

Nilipokuwa katika chuo cha theolojia nilifundishwa mambo mengi mema: kuhubiri, historia ya kanisa, Kiyunani kidogo, na namna ya kuongoza mazishi. Sikumbuki hata siku moja tuliyofundishwa namna ya kusimamia karani. Kisha nikatumwa parokiani, na siku ile ile nikawa mkubwa wa kazi. Palikuwa na karani wa ofisi, mlinzi, mwinjilisti, na walimu wawili wa shule ya nasari. Wote walinitazama mimi, nami nilidhani kwamba kwa kuwa nimewekewa mikono na Askofu, basi najua.

Mwaka mmoja, yapata miaka kumi iliyopita, niliona kwamba karani wetu anaondoka ofisini mapema. Kazi yake ilikwisha saa kumi na moja, lakini kila nilipopita saa tisa na nusu, mlango ulikuwa umefungwa. Niliangalia siku ya kwanza, nikaangalia wiki ya kwanza, nikaangalia wiki ya pili. Sikumwuliza neno. Nilihesabu tu, kama mtu anayehesabu deni. Mwisho nikakata shauri moyoni kwamba dada huyu amepata kazi nyingine, naye anakula mshahara wa kanisa bure.

Jumatatu iliyofuata, katika mkutano wetu wa wafanyakazi, baada ya kuomba, nilimkemea mbele ya wote. Nilisema juu ya watu wanaomwibia Mungu saa zake. Nikampa barua ya onyo, ambayo nilikuwa nimeiandika usiku. Yeye aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ndiyo, Mchungaji," akakaa. Hakujitetea. Nami nikaona kunyamaza kwake kuwa ushahidi wa kosa lake.

Jioni ile, nilipokuwa nikifunga ofisi, mlinzi wetu alinijia. Ni mzee wa umri wa baba yangu, lakini alivua kofia. Akasema, "Mchungaji, niwie radhi, nina neno."

Nikamwambia, "Sema, Mzee."

"Huyu binti, ulimwuliza aendako saa tisa?"

Nikanyamaza.

"Mimi ndiye humfungulia lango. Huenda kufundisha watoto wa watu masomo ya jioni, apate nauli ya kuja hapa kesho yake. Tangu mshahara ulipokatwa nusu, nauli imemshinda. Sisi wengine twaja kwa miguu, lakini yeye anakaa mbali."

Wasikilizaji wapenzi, nilikuwa nimesahau. Miezi mitatu kabla ya hapo, tulipokuwa tukiezeka kanisa jipya mabati, halmashauri ya kanisa ilikubali kwamba wafanyakazi wapewe nusu ya mshahara kwa muda, na nusu nyingine walipwe baadaye. Mwenyekiti wa mkutano ule alikuwa mimi. Sahihi ilikuwa yangu. Mshahara wangu haukuguswa, maana ulitoka katika mpango mwingine. Na aliyeandika kumbukumbu za mkutano ule alikuwa karani yule yule. Alizipiga chapa kwa mikono yake mwenyewe, akaniletea nizitie sahihi, wala hakusema neno.

Basi nilikuwa nimewaza kwamba ana kazi ya pili, na kweli alikuwa nayo. Lakini alifanya kazi ya pili ili aweze kufika katika kazi ya kwanza. Niliyoyaona kwa macho yalikuwa kweli, na hukumu yangu ilikuwa ya uongo. Kila Jumapili nilisimama mimbarani nikimsifu Mungu kwa ajili ya mabati mapya, na sehemu ya mabati yale ilikuwa nauli ya dada yule.

Nitawaambia baadaye niliyofanya. Kwanza tujifunze pamoja mambo matatu.

Jambo la kwanza: kuuliza ni sehemu ya haki, si hisani ya mkubwa.

Tazama jinsi Mungu mwenyewe afanyavyo. Katika mlango wa tatu wa Mwanzo, Adamu na mkewe wamekula tunda, na Mungu ajua yote. Hata hivyo anaanza kwa kuuliza. Anamwuliza Adamu yuko wapi. Anamwuliza kama amekula. Anamgeukia mwanamke, anamwuliza yeye naye. Hukumu inakuja baada ya maswali. Tena katika mlango wa kumi na nane, kilio cha Sodoma kilipomfikia, Bwana alisema kwamba atashuka aone kama mambo ni kama alivyosikia. Na katika Injili ya Yohana, mlango wa saba, ni Nikodemo aliyewakumbusha wakubwa wenzake kwamba torati haimhukumu mtu kabla hajasikiwa. Kama Mungu ajuaye yote anauliza, wewe na mimi tusiojua hata yaliyo ng'ambo ya ukuta tutaachaje kuuliza?

Baada ya kuaibika kwangu nilianza kusoma vitabu vya wataalamu wa usimamizi wa kazi. Humo nilikuta habari ya kiwanda kimoja kikubwa, kiwanda cha Hawthorne, katika mji wa Cicero karibu na Chicago, huko Marekani. Kilikuwa cha kampuni ya Western Electric, nacho kilitengeneza vyombo vya simu. Kuanzia mwaka 1924 wakubwa wa kiwanda walitaka kujua kama mwanga mwingi zaidi utawafanya watu wafanye kazi zaidi. Waliongeza taa, na kazi ikaongezeka. Lakini iliongezeka hata kwa wale ambao taa zao hazikubadilishwa. Wakashangaa. Mwaka 1927 waliwaweka wanawake vijana wachache katika chumba cha peke yao, wakabadilisha saa zao za kazi na za kupumzika, wakiandika kila badiliko. Kwa jumla kazi iliongezeka sana.

Wataalamu wengine waliokuja baadaye wamebishana sana juu ya hesabu za chumba kile, maana malipo nayo yalibadilishwa. Tena, mapema mwaka 1928, wawili kati ya wanawake wale waliondolewa wakawekwa wengine, kwa sababu ilisemekana wanazungumza mno. Kwa hiyo sitaki mtu afikiri kwamba nawaletea habari ya malaika.

Lakini liko jambo moja katika habari hiyo lililonigusa. Kuanzia mwaka 1928 hadi 1930 kiwanda kile kiliwaita wafanyakazi zaidi ya 20,000, mmoja mmoja, kuwauliza maoni yao. Mwanzoni waulizaji walikwenda na orodha ya maswali: kazi yako je, msimamizi wako je, mahali pa kazi je? Wakaona kwamba watu hawabaki ndani ya orodha. Mtu aliulizwa juu ya mashine, akaanza kueleza ugonjwa wa mama yake. Basi wakabadilisha njia. Wakaweka orodha kando, wakamwacha mfanyakazi aseme yaliyo moyoni mwake, nao wakasikiliza. Mazungumzo ya nusu saa yakawa ya saa moja na zaidi. Wakajifunza kwamba lalamiko la kwanza alisemalo mtu mara nyingi silo jambo lenyewe linalomsumbua. Lalamiko ni kama ile midomo ya Hana. Jambo lenyewe liko moyoni.

Hata sheria ya nchi yetu imelitambua hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nayo katika kifungu cha 41, inasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, au kwa sababu kazi yake ni duni, au kwa sababu mwili wake hauwezi, mwajiri lazima amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake aliyemchagua mwenyewe, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi mahali pale pa kazi, wakati anapoelezwa. Na mwajiri lazima asikie na kuyafikiri maneno yao, hata kama kosa ni lile la kufukuzwa papo hapo. Mimi niliposoma maneno yale, "lugha anayoielewa," nilitahayari. Serikali imewataka wakubwa wa kazi wafanye jambo ambalo kasisi hakulifanya katika ofisi ya kanisa.

Siku hizi kiti cha Eli kimeinuliwa juu zaidi. Kuna kamera darini. Kuna mashine mlangoni ya kuwekea kidole. Kuna hesabu katika kompyuta zinazoonyesha nani amefanya kiasi gani. Vyombo hivi si dhambi, maana hata mfanyakazi mwaminifu hulindwa navyo. Lakini kumbuka kwamba mashine ya mlangoni itakuambia mtu amefika saa mbili na dakika ishirini. Haitakuambia kwa nini. Tena liko jambo baya zaidi, nalo ni kumkemea mtu katika kundi la WhatsApp la ofisi, watu thelathini wakisoma. Bwana Yesu katika Mathayo mlango wa kumi na nane alitufundisha kumwendea aliyekosa, wewe na yeye peke yenu kwanza. Hajatupa ruhusa ya kuanza na watu thelathini.

Jambo la pili: kusikia bila kutengeneza ni dhihaka.

Wako wakubwa waliojifunza kusikiliza kama vile mtu ajifunzavyo kutabasamu mbele ya kamera. Wanaweka sanduku la maoni ukutani, wala halifunguliwi. Wanaita mkutano, wanaandika yote, na mwaka unaofuata malalamiko ni yale yale. Wazee wetu walisema mkubwa ni jalala, yaani kila takataka hutupwa kwake naye avumilie. Ni kweli. Lakini jalala lisilozolewa huleta ugonjwa mtaa mzima.

Ayubu alilijua hili. Katika mlango wa thelathini na moja anajichunguza mbele za Mungu, na moja ya maswali anayojiuliza ni hili: kama nimelidharau neno la mtumishi wangu, au la mjakazi wangu, waliposhindana nami, nitafanya nini Mungu atakapoinuka? Nitamjibu nini atakapouliza? Sababu anayoitoa ni kwamba yeye aliyeniumba mimi tumboni ndiye aliyemwumba na yule. Ndugu, usipite hapo upesi. Ayubu alikuwa tajiri mwenye watumishi wengi sana, wala hakuna aliyeweza kumshitaki. Lakini alijua kwamba iko siku ambayo mkubwa ataketi upande wa pili wa meza, naye ataulizwa.

Na kama lalamiko ni la mshahara, basi Yakobo amekwisha kusema katika mlango wa tano kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ukikuta mfanyakazi wako amepungukiwa, kabla hujauliza ana shida gani nyumbani, angalia kwanza kama shida ile haitoki katika meza yako.

Jambo la tatu: usiwe mkali kwa mgeni na mpole kwa mtu wako.

Hapa namrudia Eli tena. Eli huyu aliyemkemea Hana kwa sababu ya midomo tu, alikuwa na wana wawili, Hofni na Finehasi, makuhani pamoja naye. Soma mlango wa pili. Vijana wale walichukua nyama ya sadaka kwa nguvu kabla haijatolewa kwa Bwana. Walifanya uovu na wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Eli hakuhitaji kubahatisha. Watu wote walimwambia. Aliwaonya kwa maneno, lakini hakuwazuia, na katika mlango wa tatu Bwana anamhukumu kwa sababu hiyo hiyo.

Mwanamke maskini asiyejulikana alihukumiwa bila ushahidi. Wana wa mkubwa hawakuzuiwa, ijapokuwa ushahidi ulijaa Israeli yote. Je, hujayaona mambo haya katika ofisi zetu? Kibarua akichelewa dakika kumi, hukatwa mshahara. Mpwa wa meneja asipofika siku mbili, husemwa kwamba ana udhuru. Yule wa kabila lako akikosa, ni bahati mbaya. Yule wa kabila lingine akikosa, ndiyo tabia yao. Kwa hiyo, msikilizaji, nisemapo kwamba tuulize kabla ya kuhukumu, sisemi kwamba tusihukumu kamwe. Kazi isiyo na nidhamu huwaonea wale wenye bidii, maana hao ndio wanaobeba mzigo wa wavivu. Nasema tu kwamba masikio na ukali vigawiwe sawasawa. Mpe mgeni masikio unayompa mwanao, na mpe mwanao kanuni unayompa mgeni.

Sasa nirudi kwa Hana, maana habari yake haikuishia katika kukemewa. Hana alijibu. Alijibu kwa heshima, akimwita Eli bwana wake, lakini alijibu waziwazi. Alimwambia kwamba yeye si mlevi, ni mwanamke mwenye huzuni rohoni, na kwamba alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana. Akamwomba asimhesabu kuwa mwanamke asiyefaa.

Wewe uliye chini ya mkubwa, jifunze hapo. Si kila kunyamaza ni unyenyekevu. Pengine mkubwa wako hajui, kama mimi nilivyokuwa sijui. Nenda kwake kwa wakati unaofaa, peke yako au pamoja na mwenzako, umweleze bila matusi na bila kuficha. Na kama kweli umekosa, kama kweli unazila saa za mwajiri wako kwa uvivu, basi usijifiche nyuma ya Hana. Yeye aliweza kujibu kwa sababu neno lake lilikuwa kweli.

Na Eli alifanya nini? Hapa Eli anastahili sifa. Hakusema, "Mimi ni kuhani, nimekwisha kusema." Alisikia jibu, akaligeuza neno lake. Palepale alipokuwa ametoa lawama, alitoa baraka. Akamwambia aende kwa amani, na Mungu wa Israeli ampe haja yake. Na uso wa Hana haukuwa na huzuni tena. Fikiri, wasikilizaji: hapo mimba ya Samweli ilikuwa haijapatikana bado. Hakuna kilichokuwa kimebadilika nyumbani kwake. Lakini alikuwa ameimimina nafsi yake mbele za Bwana, na mkubwa aliyemdhania vibaya amemsikia na kumrudishia heshima yake. Akaenda zake akala.

Nilipokwisha kuzungumza na mlinzi wetu sikulala vizuri. Asubuhi nilitaka kumwita karani ofisini na kumwomba radhi faraghani. Lakini dhamiri yangu iliniambia kwamba nilimkemea mbele ya watu watano. Nitamwombaje msamaha mbele ya mtu mmoja? Basi niliwaita wote tena katika chumba kile kile. Nikasema kwamba nilimhukumu mwenzetu bila kumwuliza, na kwamba kosa la mshahara ni langu na la halmashauri. Nikaichukua ile barua ya onyo nikaichana. Karani alilia, akasema, "Nimekusamehe, Mchungaji." Halmashauri iliketi juma lile, tukasimamisha kazi ya madirisha ya kanisa, na nusu zile za mishahara zikalipwa kwa mafungu mawili.

Ningependa kuwaambia kwamba dada yule aliendelea kufanya kazi nasi miaka mingi. Haikuwa hivyo. Mwisho wa mwezi uliofuata aliondoka, akaenda kufanya kazi mahali pengine. Aliniaga vizuri, wala hakuondoka kwa hasira, lakini aliondoka. Msamaha alinipa kweli, ila neno nililolisema siku ile ya Jumatatu halikuweza kurudi kinywani mwangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nimelibeba jambo hili mpaka leo, nalo limenisaidia. Kila ninapoandika barua ya kumwonya mtu, naiacha mezani mpaka kesho, na asubuhi yake namwita mhusika kwanza nimwulize.

Basi, ndugu mpendwa, wiki hii nakuomba ufanye jambo moja tu. Mfikirie mtu mmoja aliye chini yako ambaye umekwisha kumhukumu moyoni. Humpendi jinsi anavyochelewa, au anavyonyamaza, au anavyokujibu. Leo au kesho, kabla ya Ijumaa, mwite mahali penye faragha. Mkaribishe kiti. Usianze na makosa yake. Mwambie, "Nimeona hivi na hivi. Nisaidie nielewe." Kisha nyamaza. Usitazame simu yako. Na akimaliza kusema, mwulize kama kuna lingine, maana lile la pili mara nyingi ndilo lenyewe. Huenda utakuta kosa la kweli, na utalishughulikia kwa haki. Lakini huenda utakuta kwamba yule uliyemwita mlevi alikuwa akiomba.

Na tuombe.

Bwana Yesu, wewe ulimsimamia mwanamke ambaye wote walikuwa tayari kumpiga kwa mawe, na ulimwuliza kipofu anataka umfanyie nini, ingawa ulijua. Utusamehe sisi wakubwa, ambao tumehukumu kwa macho na hatukutumia masikio. Wakumbuke wote waliokemewa bila haki wiki hii, na wale ambao mishahara yao imezuiliwa. Wape ujasiri wa kusema kweli, na sisi utupe unyenyekevu wa kuyageuza maneno yetu. Na siku ile utakapotuita tuketi upande wa pili wa meza, utuhurumie. Amina.

Wasikilizaji wapenzi, nawatakieni siku njema ya kazi. Kwaherini, na Bwana awabariki.